Saa Tisini na Sita

Shemeji yangu alikuwa anatabiri vifo, na kila mwisho wa mwezi alilipwa kwa kazi hiyo. Usinikimbie, si vifo vya watu. Vifo vya taa. Taa ndogo kuliko punje ya mchele, zinazotiwa ndani ya vyombo vya ndege na vya setilaiti, na mwanga wake huwezi kuuona hata uazime macho ya paka. Kazini walimwita Nabii. Mimi nilimwita shemeji kwa sababu amemwoa dada yangu, na tukianza kutaniana nilimwita mchawi mwenye kikokotoo.

Nitalisema mapema jambo moja ili nisionekane nazungukazunguka: kosa ninalotaka kulisimulia lilianzia mkononi mwangu. Watu wananiambia nisiseme hivyo, eti nitajiumiza bure. Bure ya nani? Waliokufa hawakufa bure?

Chumba chetu cha kazi kilikuwa na madirisha mawili yasiyofunguka, matanuri manne ya chuma, kila moja kubwa kama kabati la nguo, na meza ndefu yenye vipimo. Shemeji ndiye aliyenipatia kazi pale, ya kuchapa ripoti na kutunza madaftari. Kulikuwa na joto la kumtoa nyoka pangoni. Yeye alikaa humo miaka kumi na tisa akiwa amefunga vifungo vyote vya shati, na kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu.

Kazi yenyewe ni hivi. Huwezi kungoja miaka thelathini uone taa itakufa lini, kwa hiyo unaiharakishia uzee. Unaitia ndani ya tanuri, unaichoma kwa joto ambalo haitalikuta popote katika maisha yake, huku inawaka, na kila siku unapima mwanga uliobaki. Kwa hesabu ya taa zile, saa moja ya tanuri ilikuwa sawa na siku kumi na mbili na nusu za angani. Ukichoma saa elfu moja, yaani karibu wiki sita, umeshaona miaka thelathini na minne ya mbele.

Mtu anayefanya kazi kama hiyo hawezi kubaki sawasawa kichwani. Dada akimuuliza, "Utarudi mapema leo?" alijibu, "Themanini kwa mia." Dada alipokuwa na mimba na daktari akataja tarehe ya kujifungua, shemeji aliuliza tarehe hiyo imepatikana kwa kupima wajawazito wangapi. Hakuwahi kumpa mtu ndiyo wala hapana. Na ukimwendea kazini umeshika kichwa, unasema sijui tanuri lile linanitia wasiwasi, alikuwa na jibu moja kwa wote, kuanzia mfagizi hadi meneja: "Usiniletee hofu. Niletee namba."

Nilimpenda, niseme wazi. Alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha.

Sasa kuna desturi moja ya kazi yetu ambayo lazima uielewe, maana ndiyo iliyotuponza. Kila kundi la taa lina zile zenye kasoro ya kuzaliwa. Kiwanda kinajua, kwa hiyo kabla ya kuuza taa huzichoma zote kwa saa arobaini na nane. Dhaifu zinafia humo na kutupwa, zilizobaki zinauzwa. Sisi tuliletewa mbichi, kabla ya kuchomwa. Basi taa ikifa mikononi mwetu kabla ya saa arobaini na nane hatukuihesabu, kwa sababu isingefika angani hata siku moja. Tuliziita vichanga. Tuliziweka kwenye kopo la bati juu ya kabati, na ripoti ilizitaja kwa mstari mmoja tu, mwishoni, kwa herufi ndogo.

Mwaka ambao binti yao alihitimu urubani, tuliletewa taa themanini za vifaa vya kugundua moshi. Ni vile vya kwenye sehemu ya mizigo ya ndege. Ndani yake mna taa yetu upande mmoja na kijicho upande wa pili, kimegeuzwa kisitazamane nayo. Moshi ukiingia, mwanga unaugonga, unatawanyika, kijicho kinauona, kengele inalia kwa rubani. Taa ikififia, moshi unapita mbele ya kijicho kama mgeni anayepita mbele ya mlinzi aliyelala. Hakuna kinachovunjika, hakuna kinachotoa cheche. Kengele inanyamaza tu, na kunyamaza kwake ni kule kule kwa siku ambayo kila kitu ni salama.

Mahafali ya binti yalikuwa mbali. Shemeji na dada walisafiri wiki nzima, na mimi sikuchukuliwa. Nilinuna, na nilikuwa na haki ya kununa, kwa sababu mimi ni mama yake mdogo, yule ni mwanangu pia. Mtoto wa dada yako utamwita nani kama si mwanao? Shemeji aliniachia maagizo mlangoni, begi likiwa begani.

"Shemeji, taa zikifika ziweke tanuri namba tatu, washa, soma kila siku, andika. Usiongeze ufundi wako."

"Na zisipofika?"

"Zisipofika, pumzika. Ila kufika ni sitini kwa mia."

Zilifika kesho yake. Nikaziweka, nikawasha, nikasoma siku nne bila tatizo, na siku ya nne daftari likaisha karatasi. Nikalirudisha kabatini. Asubuhi iliyofuata umeme ukakatika. Saa ya tanuri ilikuwa imefika tisini na sita. Nilihangaika na jenereta mpaka kiganja kikachubuka, na ilipokubali kuwaka, saa ya tanuri namba tatu ilikuwa imerudi sifuri. Ilikuwa saa ya zamani. Umeme ukikatika inasahau kila kitu.

Sheria ilibandikwa ukutani: umeme ukikatika, andika kwa wino mwekundu saa zilizokwisha kupita. Niliijua sheria hiyo kama unavyozijua kuta za chumba chako, yaani nilikuwa siioni tena. Jasho linanitiririka, kiganja kinawaka, moyoni nina kinyongo cha kuachwa. Nikafungua daftari jipya, na kwenye mstari wa kwanza nikaandika ninachokiona: sifuri.

Shemeji alirudi siku mbili baadaye, mwepesi kwa furaha. Akalichukua daftari jipya, akatazama saa: arobaini. Akaona taa zimechelewa kufika, zimewashwa juzi. Hakuniuliza, na mimi sikusema, kwa sababu sikujua kama kuna la kusema. Akapima. Taa kumi na moja kati ya themanini zilikuwa zimefifia chini ya nusu, na kwetu hiyo ni taa iliyokufa.

"Vichanga wengi safari hii," alisema. "Kiwanda kimechoka."

Akazibandua moja moja na kuzitia kwenye kopo. Zile sitini na tisa zilizobaki zilichomwa saa elfu moja bila kulegea. Nikachapa ripoti: zaidi ya miaka thelathini. Akaisaini, mteja akafurahi, nasi tukaendelea na kundi lingine.

Miaka mitatu na nusu ikapita hivyo. Binti akawa rubani msaidizi kwenye ndege za mizigo, shirika lenye ndege saba. Bado aliishi kwa wazazi wake, kwa sababu siku alizokuwa nyumbani zilikuwa za kuhesabu. Jumapili moja mchana tulikuwa sebuleni kwao. Yeye anapiga pasi shati lake la kazi, dada anapangusa picha za ukutani, mimi nakunywa chai yangu na kumchokoza shemeji, ambayo ndiyo ilikuwa ibada yangu ya Jumapili. Dada akashusha picha ya mahafali.

"Hebu tazama," nikasema, "shemeji alivyotoa kifua kama yeye ndiye aliyehitimu. Na mimi siku hizo nimeachiwa matanuri gizani."

"Giza gani?" akacheka. "Mchana kweupe."

"Umeme si ulikatika! Nilizungusha ile jenereta yenu mpaka ngozi ikatoka. Hata pole hamkunipa."

Alikuwa bado anacheka. "Ulikatika lini?"

"Siku ya tano. Wewe huko unapiga makofi."

Kicheko hakikuisha ghafla. Kilipungua kidogo kidogo, kama maji ya bomba yanapokatika. Akaweka kikombe chini.

"Siku ya tano ya nini, shemeji?"

"Ya zile taa za moshi. Tangu niziwashe."

"Daftari lilianza na sifuri."

"Lile jipya, ndiyo. La zamani liliisha."

Hakupandisha sauti. Aliomba penseli. Dada akampa, akidhani anataka kuandika orodha ya vitu vya sokoni. Akaandika nyuma ya bahasha, mimi nikiwa nachungulia begani kwake. Tisini na sita na arobaini: mia moja thelathini na sita. Akatoa zile arobaini na nane za kiwandani: themanini na nane. Akazidisha kwa kumi na mbili na nusu. Elfu moja na mia moja. Siku. Miaka mitatu na siku tano.

Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimechapa ripoti za kutosha. Zile kumi na moja hazikuwa vichanga. Zilikuwa taa ambazo kiwanda kingezichoma siku mbili, zingepita, zingeuzwa, zingepanda ndegeni, na zingefifia baada ya miaka mitatu. Chai ikanishinda.

"Mama," alimwita binti yake; tangu azaliwe humwita hivyo. "Vile vifaa vya moshi vya kwenye mizigo, mlibadilishiwa lini?"

"Mwaka ule nilipoanza kazi." Pasi ilikuwa inakwenda na kurudi. "Mwezi huu vinatimiza miaka mitatu. Ndege zote saba. Kwa nini, baba?"

"Mnavijaribu?"

"Kila asubuhi. Nabonyeza kitufe, kengele inalia. Vizima kabisa."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Ni vifaa vilevile vyenye taa tulizozipima. Kile kitufe, aliniambia baadaye pale getini, kinaijaribu kengele na waya wake. Taa hakiijaribu. Kila asubuhi mwanangu alikuwa anamuuliza mlinzi kama kengele inalia, hamuulizi kama anaona.

"Usimwambie mtu," alisema. "Kesho kwanza tulitafute daftari."

Jumatatu asubuhi tulilikuta palepale nilipoliweka, ukurasa wa mwisho, mwandiko wangu, siku nne. Tukaenda nalo kwa meneja. Sitaki nimpake meneja matope. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma yote, akavua miwani.

"Nabii, wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Taa kumi na moja, daftari la karani, kipimo kimoja ambacho tayari kimevurugika. Nikipiga simu ndege saba zikae chini, wataniuliza ushahidi. Hii ni namba au ni hofu?"

"Ni hofu yenye namba," shemeji alijibu.

"Basi tuipime. Agiza themanini nyingine, chomeni upya. Wiki sita, nitapeleka barua mwenyewe."

"Wiki sita hizo ndege zinaruka."

"Zimeruka miaka mitatu," alisema meneja, akarudisha miwani.

Shemeji alisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilingoja apige meza. Nilimwombea apige meza. Lakini yale maneno yalikuwa yake mwenyewe, amewafundisha watu miaka kumi na tisa, na mtu atayakana vipi maneno yake mbele ya mwanafunzi wake? Akatoka. Mlangoni akaniambia anakwenda nyumbani, hajisikii vizuri.

Nilimwamini, hebu fikiria. Mimi mwenye ulimi kama wembe, nilimwamini.

Binti alitakiwa uwanjani saa sita mchana. Saa nne shemeji aliingia nyumbani ameshika kifua, akajilaza kitandani na viatu, akamwambia mwanawe kwamba moyo unamwenda mbio na kwamba asiondoke. "Nikiwa kwenye hali hii, mama, usiondoke." Mtoto gani ataondoka? Alipiga simu kazini, akaomba siku tatu. Rubani mwenzake akazichukua zamu zake zote. Alikuwa kijana wa rika la binti, tulimwita Kicheko, kwa sababu akicheka sebuleni kwa dada, jirani wa tatu alijua amekuja. Alikuwa anaishi na mama yake.

Jumanne mchana nilimaliza kazi mapema, nikaenda kumwona mgonjwa. Nilimkuta ameegemea mito, uso umekauka. Binti amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, kaiweka sauti ya juu. Aliyekuwa anaongea ni Kicheko, yuko uwanjani, mizigo imeshapakiwa, anakaribia kuruka.

"Mzee! Pona haraka bwana! Binti yako kaniachia safari zote, kitanda changu siku hizi nakiona kwenye picha tu!"

Akaangua kicheko chake kile. Shemeji akageuza uso ukutani. Ndipo nilipojua kwamba kifua chake hakina ugonjwa wowote.

Nilitoka nikaenda jikoni. Nilishika beseni la kuoshea vyombo kwa mikono miwili. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, hasira juu yake na juu yangu, na nikaona kwamba nikinyamaza tena, hii itakuwa mara ya pili. Binti alipoingia kuchukua maji, nilimwambia. Nilimwambia yote: umeme, daftari, kopo la vichanga, bahasha. Maji yalijaa glasi yakamwagikia mkononi mwake.

"Mamdogo, kwa hiyo baba haumwi?"

"Haumwi."

Aliingia chumbani, nami nyuma yake. Dada alikuwa anakunja nguo, akabaki na shuka mkononi.

"Baba. Umenitoa kwenye ndege kwa sababu ya vile vifaa?"

Shemeji aliketi. "Ni kumi na nne kwa mia tu, mama. Kifaa kimoja kati ya saba. Na moto wenyewe hautokei kila siku. Nilitaka wiki hii ipite, nimshawishi meneja, halafu..."

"Baba, kiti changu hakibaki kitupu. Nikitoka mimi, anakaa mtu."

Nimeishi na maneno hayo tangu siku ile, na sijapata pa kuyaweka. Shemeji aliyasikia. Niliona yanavyomwingia. Akanyoosha mkono, akaomba simu, akapiga mwenyewe ofisi ya safari za ndege. Akataja jina lake na cheo chake.

"Ripoti niliyoisaini ya vifaa vya moshi si ya kweli. Zishusheni zote, sasa hivi."

Karani wa upande wa pili akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: "Mzee, una uhakika?"

Miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia akijibu swali hilo.

"Mia kwa mia," alisema.

Alidanganya. Namba yake ilikuwa kumi na nne. Lakini angeitaja kumi na nne wangeagana kwa heshima na simu ingekatwa. Nilitamani kumkumbatia, na nilitamani kumzaba kofi, kwa sababu uongo ule ule angeusema jana kwa meneja tusingekuwa hapa.

Tano zilikuwa chini. Mbili zilikuwa angani. Karani alituomba tusikate, tukasikia anaongea na mwongoza ndege pembeni. Akarudi. Ya kwanza imebakiza dakika kumi kutua. Ya pili ni ya Kicheko na nahodha wake, imeondoka muda si mrefu, wamejibu kwenye redio, wanageuza.

"Tena amecheka," karani alisema. "Anauliza mgonjwa anaendeleaje."

Tukapumua. Dada akakaa juu ya nguo alizokunja, akaanza kuuliza maswali yote kwa mpigo. Binti aliegemea mlango amefumba macho. Mimi nilikwenda kuchemsha maji, sijui ya nini. Dakika ishirini hivi. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha birika nilipoisikia simu ya binti ikiita.

Niliporudi alikuwa ameishusha simu.

"Wamesemaje?" shemeji aliuliza.

Alisema kwa sauti ya kazini, sauti ya redio, neno kwa neno kama alivyosomewa: "Tuna moshi huku mbele. Kengele haijalia." Baada ya hapo hawakusikika tena.

Wachunguzi walikuja. Shemeji aliwakabidhi madaftari mawili, na mimi niliwaonyesha mwandiko wangu, ile sifuri. Sikuficha, na sikulia mbele yao. Ndege sita zilizobaki zilifunguliwa, vikatolewa vifaa kumi na nane. Vitatu vilikuwa vipofu. Shemeji alipoambiwa alitaka kutajiwa mara ya pili, halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ndivyo ilivyopaswa kuwa. Nadhani hakujua kwamba amesema. Meneja alikuwa amesimama karibu, akatoka nje ya chumba, na nilimwona kupitia kioo cha mlango ameegemeza paji la uso ukutani.

Siku ya nne tulikwenda nyumbani kwa Kicheko kutoa pole. Nyumba ilikuwa imejaa, viatu vimetapakaa hadi njiani. Dada hakuweza kuja. Kila akivaa kiatu miguu ilikuwa inakataa. Tuliingia watatu, binti mbele, shemeji katikati, mimi nyuma.

Mama yake Kicheko alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, mwanamke mwembamba, khanga kichwani. Alimkumbatia binti kwa muda, akimpapasa mgongo, akimwita mwanangu, akimshukuru Mungu kwamba hata huyu mmoja amesalia. Binti alitoka mikononi mwa yule mama akamgeukia baba yake, akamtazama, akangoja.

Yule mama naye akatazama alikotazama binti. Akamtambua shemeji, ingawa hawakuwahi kuonana zaidi ya mara mbili. Akamnyooshea mkono, na shemeji akapiga magoti mkekani ili aufikie.

"Ndiye wewe baba yake," alisema. "Mwanangu alinipigia kabla hajaruka. Alisema mzee wa watu anaumwa moyo, tumwombee. Nami nilikuombea, baba, usiku na mchana. Umepona?"

Watu walikuwa wananyamaza kidogo kidogo, kama inavyokuwa msibani mfiwa akizungumza. Nilijua anaweza kuitikia tu. Angesema nimepona, ahsante, tungekunywa maji tukaondoka, na hakuna kiumbe pale ambaye angemlaumu.

"Sikuwa naumwa," alisema shemeji. "Nilisema naumwa ili wangu asipande."

Yule mama alikuwa bado ameshika mkono wake. Aliutazama, akamtazama binti, akautazama tena, akiunganisha. Halafu akauweka juu ya mkeka, taratibu, na kuurudisha wake ndani ya khanga.